Springi za Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Leo mke wangu ameteremka garini katikati ya safari. Hakugomba. Alisema tu simama, nikasimama, akafungua mlango akaanza kutembea. Nikamfuata polepole, kioo kimeshushwa, nikimsihi arudi. Watu wakasimama kututazama. Mama mmoja mwenye kapu akaniambia niache kumsumbua binti wa watu. Nikamwambia huyu ni mke wangu, tuna wajukuu. Akasema hata hivyo.

Mgongo wake si mzima tangu alipoteleza bafuni mwaka jana. Kila wiki anakwenda kwa daktari wa viungo, na anasema anachokijenga daktari, gari langu linakibomoa kabla hajafika nyumbani. Nimemwambia gari hili ni la kale, lina heshima yake. Amejibu kuwa heshima hailaliwi. Kuanzia sasa atapelekwa na kaka yake.

Kaka yake, yaani shemeji yangu, ana gari la aina hiihii. Langu la bluu, lake jeupe. Alilinunua baada ya kuliona langu, na sasa lake linapita kwenye mashimo kimyakimya, kama mtu aliyechelewa msibani. Hilo ndilo linaloniuma.

Nimekwenda gereji. Fundi alilala chini ya gari muda mrefu hadi nikadhani amesinzia. Alipotoka akasema springi zimechoka, shokapu za kuzituliza zimebaki jina, na zile raba za kati ya chuma na chuma, bushi, zimelika zikaisha. Kumbe muda wote huu nimekuwa nikimtwanga mke wangu kama mahindi. Nimesikitika. Kisha nimeamua. Atapanda tena gari hili kwa hiari yake, na shemeji atakuwepo aone.

Jumatano, 5 Machi

Nimezunguka maduka ya spea. Muuzaji wa kwanza hajawahi kuliona gari la namna hii. Wa pili anasema baba yake aliwahi kuliona. Wa tatu hakusema kitu, alinipa kiti. Nimepata shokapu za gari jingine, fundi anasema zitakubali. Springi hakuna. Bushi hakuna.

Lakini mwenye akili hakosi bushi. Raba ni raba. Nimekaa nyuma ya nyumba na kisu, nikachonga bushi kutoka kwenye jozi ya ndara iliyokuwa imeachwa mlangoni mwa bafu. Za rangi ya waridi, zenye maua, raba nene, kama zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Nimezipachika mwenyewe kwa nyundo na sabuni. Nimelijaribu gari hadi mwisho wa mtaa. Halipigi tena kama jana, ila linalia kama mbuzi aliyefungiwa nje. Jirani alitoka kuangalia nani kaleta mbuzi.

Jioni mke wangu ameuliza ni nani ameziona ndara zake, zile ambazo hatelezi akizivaa. Nimesema mbwa wa siku hizi hawana adabu. Amesema hatuna mbwa. Nimesema wa jirani. Akanitazama kidogo, akaendelea na kushona kifungo.

Ijumaa, 7 Machi

Habari kubwa. Fundi ameniambia kuna mpima ardhi mmoja alifariki mwaka jana, ameacha gari kama langu nyuma ya nyumba yake. Halijaguswa. Springi zake ni nzima, fundi mwenyewe alizifunga mpya, na mzee hakuliendesha sana baada ya hapo. Nimemsihi fundi asimwambie shemeji. Akasema yeye si mtu wa maneno. Nimeridhika.

Nimefikiri siku nzima namna ya kuingia. Nikienda kama mtu wa spea, mjane ataniona tai aliyekuja kudonoa. Huo ni ukatili. Nikienda kama rafiki wa marehemu, ataniona ndugu, na mwishowe mwenyewe atasema, baba, chukua chochote cha kukumbuka. Nami nitasema kwa unyonge, basi labda springi. Njia ya pili ina utu zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda, nimevaa koti. Mjane ni mama mwembamba, mpole, anaongea kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Amenikaribisha chai. Ukutani kuna picha ya marehemu, uso umekunjwa, anamtazama mpiga picha kama anayemdai. Nimesema nilifanya naye kazi zamani, porini, tukipima mipaka, tukilala kwenye hema moja.

Mama alinimiminia chai. Kisha akaniuliza kama huko porini mumewe aliwahi kumtaja.

Sikulitegemea swali hilo. Kulikuwa na nguo zimekunjwa kwenye kiti, nikaziona, nikasema: alikuwa akitoa shati kwenye mkoba anatuambia, tazameni, hakuna mwanamke duniani anayekunja shati kama mke wangu.

“Alisema hivyo?” mama akauliza.

Nikasema, mara nyingi.

Aliinuka akaenda kuongeza maji kwenye birika ambalo lilikuwa limejaa.

Baadaye alinipeleka nyuma kuliona gari. Liko chini ya turubai, majani yamefika kwenye bampa, lakini limesimama sawasawa. Nililiegemea pembeni kama mtu mwenye majonzi, nikalibonyeza. Lilishuka, likapanda, likatulia. Mara moja tu. Kama mtu aliyeshusha pumzi. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Mama alidhani machozi yangu ni ya kumlilia marehemu, na kusema kweli hata mimi kwa wakati ule nilikuwa sina hakika.

Sikuweza kuziomba. Amenialika tena Jumanne.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda na hadithi nyingine, ya mto uliofurika na marehemu akambeba kila mmoja mgongoni. Nilikuwa nimeanza kumpenda yule mzee. Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa pembe ya kanga. Nikaona wakati umefika. Nikasafisha koo.

Akanitangulia. Akasema jana alikuja mgeni mwingine, mwanamume mnene, sauti kubwa, kicheko kikubwa. Hakukaa hata kitini. Alisema, shikamoo mama, nimesikia una gari, naomba springi. Kisha akaona mfereji wake umeziba, akakunja suruali akauzibua. Mama akampa springi za mbele.

Nilijua ni shemeji. Huyo fundi asiye mtu wa maneno alikuwa amemwambia. Na shemeji gari lake zima, springi zaidi za nini kama si za akiba, aziweke ukutani kwake nizione kila sikukuu?

Nikapiga funda kubwa la chai.

“Alitaka na za nyuma,” mama akasema. “Nikamwambia za nyuma zina mwenyewe. Kuna mtu anazijia kwa kuzunguka.”

Nikabaki na chai mdomoni.

Akaniambia, bila ukali wowote, kuwa mumewe hakuwahi kulala porini. Alikuwa mchora ramani, wa ofisini, na mvua ikinyesha aliomba ruhusa. Mto asingeuvuka hata kwa daraja. Nikajaribu kusema neno, akaniinulia mkono.

“Hakuwa mtu mbaya,” alisema. “Alikuwa mtu wa kununa tu. Mashati yake nimeyakunja tangu tulipooana, hajasema hata ahsante. Wewe ulipokuja na uongo wako, nikajua ni uongo. Ila nikasema moyoni, acha niusikie mpaka mwisho. Na nikawaza, labda alikuwa akilifikiri hilo neno, ila halikumtoka.”

Nikamwambia kwamba huenda. Ndilo neno pekee la kweli nililosema katika nyumba ile. Wanaume tuna maneno mengi ya namna hiyo, yako ndani, yameshika kutu.

Springi za nyuma nikazifungue mwenyewe, akasema, yeye hana nguvu hizo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimezitoa za nyuma na fundi amenifungia. Sijasema naye ila kwa ishara. Tatizo: nyuma sasa kumeinuka, mbele bado kumelala. Gari linaonekana kama bata anayekunywa maji. Mke wangu amelitazama kutoka dirishani, akauliza linamsujudia nani.

Nimerudi nikalala ndani yake peke yangu, kichwa upande wa mbele uliolala, miguu upande wa nyuma ulioinuka, nikawaza. Damu ikishuka kichwani mawazo huja mengi. Nimempelekea shemeji ujumbe wa upendo. Nimemwambia kama ndugu: nasikia umepata springi za marehemu, tahadhari, fundi ameona zina ufa, zitakukatikia barabarani ukiwa na dada yako. Bora unipe nikazitupe kwa usalama.

Sifurahii kumdanganya ndugu wa mke wangu. Lakini nimeutafakari mgongo.

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji amezipeleka springi kwa fundi zikaguliwe. Fundi akasema hana habari ya ufa wowote. Akauliza nani kasema. Shemeji akasema wewe. Fundi akasema yeye?

Wote wawili wamenisubiri gerejini nilipofika kuchukua spana yangu. Hawakunigombeza. Shemeji alinipa kiti. Siku hizi kila ninapoharibikiwa napewa kiti.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu ametuita mezani, mimi na kaka yake. Amemimina chai, akakaa wima kabisa, mto mgongoni, akasema sasa aambiwe yote. Shemeji akanitazama. Nikakitazama kijiko.

Basi shemeji akaeleza. Siku fundi alipomtajia lile gari, alikwenda bila hata kubadilisha nguo. Alitaka springi zote kwa ajili yangu. Anasema amechoka kumwona dada yake akishuka kwenye gari la mumewe na kupanda lake yeye kaka. “Mke wa mtu apandishwe na mume wake,” alisema. “Mimi kila nikimpeleka namsikiliza akizungumza habari zako tu. Mara umekula nini, mara umevaa sweta? Nimekuwa dereva wa maswali.” Springi zimo kwenye buti la gari lake tangu Jumatatu, kwenye gunia. Alipanga kuja nazo. Kisha akapata ujumbe wa ufa, akasema ngoja aone shemeji yake atafika wapi.

Nimefika mbali, inaonekana.

Nilitaka kusema kitu cha maana. Nikasema chai imepoa. Mke wangu akaweka mkono wake juu ya mkono wangu kidogo, akautoa, akamwambia kaka yake avute sahani ya mkate.

Jumatano, 19 Machi

Kazi imeisha leo. Springi ya mbele ukiikandamiza vibaya inaruka kama mnyama, kwa hiyo fundi aliifunga minyororo na kutuamuru tusipumue. Shemeji alishika jeki. Mimi nilishika tochi, mchana. Kila mtu ana kazi yake.

Bushi mpya fundi amezichonga kwa mashine, za raba nzito. Zile za zamani alizichomoa moja moja akazipanga juu ya boneti, za waridi, moja bado ina ua. Mke wangu alikuwa amesimama pale. Alichukua ile yenye ua, akaigeuza. “Mbwa wa jirani,” akasema. Nimemnunulia ndara nyingine baadaye, amezipokea kama mtu anayepokea risiti.

Kisha akapanda. Mwenyewe, hakubembelezwa. Shemeji alikuwepo akaona, lakini raha niliyoitarajia haikuja. Alikuwa amefurahi kuliko mimi, na mtu hawezi kumshinda aliyefurahi.

Tulikwenda njia ya hospitali, yenye mashimo. Mwanzo alishika kishikio cha mlango kwa mikono yote miwili. Shimo la kwanza, gari likashuka, likapanda, likatulia. La pili vilevile. Akaachia mkono mmoja. Mbele kidogo akaachia wa pili. Nikaanza kumweleza kazi ya shokapu, kwamba springi ikiachwa peke yake hurukaruka bila kukoma, lazima pawepo kitu cha kuituliza. Nilikuwa naeleza vizuri sana. Nilipogeuka nione kama anafuatilia, alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo.

Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimwona amelala bila kukunja uso. Nilifika mlangoni kwetu nikapita. Nikaenda hadi barabara ilipoishia, nikageuza polepole, nikarudi, nikapita tena. Jirani alinipungia mkono kila mara. Petroli ilipokaribia kwisha nikaegesha kivulini, nikakaa kimya mpaka akaamka. Akauliza tumefika saa ngapi. Nikasema sasa hivi.

Ijumaa, 21 Machi

Tumekwenda na mke wangu kumshukuru yule mama. Wamepatana mara moja. Wamekaa wawili wakizungumza kuhusu wanaume wasiosema, mimi nikiwa palepale, sikusema. Njiani mke wangu akaniambia nimepata somo: kitu ukikitaka, omba. Kaka yake aliomba kwa sentensi moja, akapewa. Nimekubali kabisa. Nimemwambia kuanzia leo mimi ni mtu wa mdomo ulionyooka.

Mchana nilipita gereji kumlipa fundi shukrani. Akanidokeza kwamba upande wa pili wa mji yupo mkunga mstaafu mwenye gari kama langu, na saa yake ya dashibodi bado inatembea. Yangu ilisimama kabla ya watoto kuzaliwa. Fundi anasema mama huyo ni mkali, hapendi wageni, na saa hawezi kumpa mtu asiyemjua.

Nimekaa nikafikiri. Kumwomba mtu mkali ghafla ni kumkosea adabu. Kwanza ajue ninayemwomba ni nani. Umri wake na wangu vinaachana vizuri, na mimi, kama watu wote, sikujizaa. Mkono wa mkunga fulani ulinipokea. Kwa nini usiwe wake?

Nimetoa shati jeupe nikalipiga pasi. Mtoto anayerudi kumwona aliyemzalisha hana budi kuwa nadhifu.