DVD ya Harusi Yangu Imefunguka, na Wifi Alikuwepo

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe. Hapa nilipo nimejifunika shuka hotelini, na wala sisikii baridi.

Iko hivi. Nina DVD ya harusi yangu, ya miaka kumi na nane iliyopita. Ndipo mahali pekee penye sauti ya marehemu baba, alipotoa nasaha ukumbini. Niliihamishia kwenye flashi, flashi ikafa. Nikaihamishia kwenye kompyuta, kompyuta ikaibiwa. Nikabaki na DVD yenyewe, ina mikwaruzo kama imepigwa msasa (wanangu waliigeuza sahani ya kupikia tope). Na kompyuta za siku hizi hazina hata pa kuiingiza! Nikasema safari hii naenda nayo Guangzhou. Wanaotengeneza kila kitu watashindwaje kuifungua?

Asubuhi tukamaliza kuchagua magauni pale soko la nguo la Zhanqian, mimi na wifi Anitha, dada wa mume wangu. Tunafanya biashara pamoja, naye huko nyumbani Mwanza ni mwanakwaya. Tukaenda soko la vifaa vya umeme. Duka la kwanza: "Meiyou!" Yaani hakuna. La pili: "Meiyou!" La tatu, dada wa watu aliigeuzageuza DVD kana kwamba nimempa kitu cha makumbusho.

La saba, bwana mmoja mwenye miwani akatabasamu. Tukamwita laoban, bosi, kwa heshima zote. Akaisafisha, akaiingiza kwenye mashine, akahangaika nayo karibu saa nzima. Kisha akaiongelesha simu yake, nayo ikatamka Kiswahili: "Faili limeharibika. Nimeokoa dakika mbili."

"Baba yumo?" nikauliza.

Akainua mabega. Akaunganisha na televisheni kubwa ya dukani, akaweka na spika (ukarimu tu, Mungu ambariki). Watanzania wawili waliokuwa wakinunua chaja wakasogea. Nikamshika wifi mkono.

Video ikaanza. Si ukumbini! Ni chumbani, asubuhi ya harusi. Mimi huyo, kichwa kimejaa rola, natembea kidevu juu kama nimemeza rula.

"Mimi nani?" nawauliza wasimamizi wangu.

"Anitha!"

"Akiimba kwaya, mbuzi wa jirani wanaitikia. Meeee!"

Hiyo "meeee" ilijaa ghorofa nzima. Nikapiga kelele, "Zima! Zima!" Laoban akadhani sisikii vizuri. Akaongeza sauti.

Nikauachia mkono wa wifi. Nikaanza kuwaza kubadilisha tiketi ya ndege.

Ghafla picha ikakatika, skrini nyeusi, ikabaki sauti. Ya baba! "Wakwe zetu, huyu binti yangu namjua. Ana mdomo. Mtuvumilie." Basi, ikaisha.

Nikaangua kilio. Kumgeukia wifi, naye machozi yanamtiririka. Kumbe anacheka! Kakalia boksi la watu, hana nguvu.

"Baba alitutahadharisha mapema, wifi!" akasema. "Laoban, nipe na mimi nakala!"

Hatujafika hata kwenye metro, kashaituma kwenye kundi la ukoo. Mama mkwe naye kaisukumia kwaya nzima.

Miaka kumi na nane nahangaika faili hili lisipotee. Sasa hata nikitaka lipotee, halipotei. Mkitumiwa, nawaomba sana, rukeni moja kwa moja mpaka kwa baba.