Msichana wa Kalaba Anayekimbia Bila Kufukuzwa

Subukia, karibu na Nakuru
Mwezi wa Julai, 1957

Kwa Bwana Mhariri,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuomba ukae kitako, maana jambo hili halisomwi mtu akiwa amesimama.

Mimi ni Kimaiyo arap Tonui, nyapara wa maziwa katika shamba moja la huku Subukia, na mzee wa kanisa. Si mtu wa kelele. Gazeti lako nimewahi kuliandikia mara moja tu, juu ya fisi, na barua ile hamkuichapa. Nimewasamehe. Lakini hii ya leo naomba ichapwe, kwa kuwa fisi aliondoka mwenyewe, na huyu bado yupo.

Namsema Bi Arit Ekanem, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Kalaba, nchi ya Nigeria. Alikuja mwaka jana pamoja na mjomba wake, mchungaji anayefundisha katika shule ya misheni hapa kwetu, ili amsaidie mke wa mjomba kulea mapacha. Juu ya mapacha sina neno. Neno langu ni miguu yake. Huko kwao alianza mbio fupi tangu shuleni. Aliwashinda wasichana wote wa Kalaba, akapelekwa Lagos akawa wa pili, na watu wakaanza kusema kwamba siku moja atakwenda kukimbia ng'ambo kwa jina la nchi yake. Ndipo mjomba akahamishiwa huku, naye akaambiwa afunge mizigo.

Malalamiko yangu ni haya.

La kwanza. Bi Arit hukimbia bila kufukuzwa. Kwetu, mtu mzima akikimbia asubuhi pana jambo: moto, chui, au msiba. Siku ya kwanza alipopita mbele ya kibanda cha maziwa, kumeanza kupambazuka, ameinua magoti na hatazami nyuma, vijana wangu hawakuuliza. Walitupa madebe wakamfuata. Nami nikawafuata, kwa kuwa nyapara hawezi kukubali kuliwa peke yake. Tulikimbia hadi darajani, na pale darajani akageuka, akarudi mbio kule kule aliko chui! Tulisimama, hatujui tumwamini nani. Alipotupita alisema, "Habari ya asubuhi, wazee," wala hahemi. Maziwa ya siku ile waliyanywa mbwa wa bwana mkubwa.

La pili. Mbio zake ni fupi mno, tena huzianza kwa magoti. Sisi wa huku tunajua mbio ni nini: mtu hutoka Subukia baada ya chai, akaonekana Solai jua likiwa juu, na katikati watu wanapata nafasi ya kuzungumza. Siku ya michezo kule Nakuru nilisafiri juu ya lori la magunia ili nimwone, maana tuliambiwa kwamba kati ya mbio za wanaume atapewa nafasi aonyeshe zake. Akaja, akachimba vishimo viwili, akapiga magoti, akainamisha kichwa. Bwana Mhariri, mimi ni mzee wa kanisa. Mtu akipiga magoti na kuinamisha kichwa mbele ya umati, najua la kufanya. Nilivua kofia, nikafumba macho, nikamwombea afya yeye, na mjomba, na mapacha kila mmoja kwa jina lake. Niliposema Amina watu walikuwa wanapiga makofi, naye yuko upande wa pili wa uwanja.

Nilimwendea nikamwambia, "Binti, sikuona kitu."

Alicheka hadi akashika kiuno. "Pole, mzee. Nitakimbia tena kwa ajili yako."

Na kweli alirudi, akapiga magoti tena, nami safari hii niliyashikilia macho kwa vidole. Niliona. Sitaki kuandika nilichokiona, kwa sababu barua hii ni ya malalamiko.

La tatu. Bwana mwenye saa ya kupimia mbio alimwambia kwamba amekimbia vizuri sana, lakini hawezi kupeleka habari hizo Lagos. Mbio za mtu mmoja hazihesabiwi. Lazima awepo wa kushindana naye, na awe mwanamke. Wakati huo huko Nigeria walikuwa karibu kuchagua wakimbiaji, na kama habari zake zisingefika kutoka Nakuru, jina lake lingeachwa. Basi akaizunguka Subukia akiomba msichana. Kila baba alimnyima. Mimi pia nilikuwa nimejiandaa kumnyima, na maneno nilikuwa nayo tayari. Alikuja nyumbani jioni, akaketi kwa adabu, akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza juzi, "Mzee, mimi nimekuja kuomba binti yako."

Mke wangu Cheptanui alikuwa jikoni. Aliposikia "kuomba binti" alitoka na mwiko mkononi. "Una kaka?" akamwuliza. Arit akasema anao watatu. Cheptanui akanigeukia: "Ng'ombe wa Kalaba watafika kwa meli au kwa gari la moshi?" Tulikunywa chai, tukaongeza na nyingine, ndipo tukaelewana kwamba hapa hakuna posa. Jepkoech, mtoto wetu wa pekee wa kike, anatakiwa akashindane Nakuru.

Nilimwuliza Arit wazi, "Yaani unataka binti yangu aje ashindwe mbele ya watu?"

Alifikiri kwanza. "Ndiyo, mzee. Lakini ashindwe kwa bidii."

Na kabla sijalitoa lile neno langu la kunyima, Jepkoech akasema kutoka nyuma ya mlango, "Baba, mimi naweza kushindwa vizuri." Ikabidi nikubali.

La nne ndilo linaloniuma. Jepkoech alishindwa. Tena hakushindwa kidogo. Alikimbia miguu mitupu, gauni la shule limefungwa kamba kiunoni, na Arit alipofika mwisho binti yangu alikuwa bado mbali kiasi cha kuhitaji kupigiwa kelele. Nami nilizipiga. Mimi, mzee wa kanisa, nilipiga kelele hadi sauti ikakatika, na Jumapili yake somo likasomwa na mtu asiyejua kutua kwenye nukta. Arit naye, badala ya kukaa na ushindi wake kama watu wengine, aligeuka akanyoosha mikono, "Njoo, Jepkoech! Njoo!" kama anayemfundisha mtoto kutembea. Jepkoech akamwangukia kifuani, na wote wawili wakaanguka chini. Bwana mwenye saa akasema sawa, hizi zinahesabiwa, na habari zikapelekwa Lagos kwa simu ya maandishi.

Tukiwa juu ya lori kurudi nilimwona Jepkoech anatabasamu peke yake. "Unacheka nini, nawe umeshindwa?"

"Baba, uliniona?"

"Nilikuona."

"Basi."

Bwana Mhariri, nimemlea mtoto huyu tangu azaliwe, na sikumbuki siku niliyomfurahisha namna ile. Mgeni amemshinda mara moja tu, na nyumba nzima haikaliki kwa nyimbo. Je, hiyo ni haki?

La tano nilitaka kuliacha, lakini Cheptanui anasema niandike yote. Rafiki yangu Kemboi, tuliyetahiriwa naye mwaka mmoja, alikuwa ameanza kuzungumza nami juu ya Jepkoech na mwanawe, na nilikuwa nimekubali binti aache shule mwisho wa mwaka ili aolewe. Juzi alikuja, akanywa mursik, maziwa yangu ya kibuyuni, akapangusa mdomo, akasema, "Arap Tonui, msichana anayekimbia hivi, tukimwoa si atatukimbia?" Nilikusudia kumjibu kwa upole. Nikasikia kinywa changu kikisema, "Akikukimbia atakamatwa na nani? Na wewe?" Kemboi alichukua fimbo yake akaenda, na sasa tukikutana kanisani anaangalia dirisha. Urafiki wa maisha umevunjwa na Nigeria.

Kwa hiyo naomba haya kwa wanaohusika. Nigeria iwaweke wasichana wake wa mbio nyumbani kwao. Na huyu aliyekwisha kuja asiruhusiwe kuondoka. Najua maneno hayo mawili yanagongana, lakini nisikilize: haiwezekani mtu aje, amshinde mtoto wa watu, halafu apande meli kabla mtoto hajapata nafasi ya kumlipa. Akae. Akimbie na Jepkoech kila Jumamosi mpaka ashindwe, hata kama itachukua miaka. Hapo aende salama, na sanduku lake nitalibeba mimi hadi stesheni. Ikiwa Lagos hawawezi kungoja, basi nao waandikiwe wapunguze haraka.

Nisalimie wapiga chapa wote, na anayefagia ofisi, na nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo, na ng'ombe kama unao.

Ni mimi niliyeonewa,

Kimaiyo arap Tonui

Nyongeza: Nilikuwa sijaifunga barua hii alipofika mchungaji na karatasi ya simu kutoka Lagos. Arit amechaguliwa. Ijumaa anapanda gari la moshi kwenda Mombasa. Cheptanui analia, Jepkoech analia, na mimi nina mafua. Tafadhali usiichape barua hii kabla ya Ijumaa, maana msichana amejifunza kusoma Kiswahili, na sitaki asafiri na moyo mzito. Kwa kweli, usiichape kabisa. Chapa haya tu: Jepkoech haachi shule, nimeshamwambia mwalimu. Na anatafutwa msichana yeyote mwenye mbio, wa Njoro, Molo, Rongai au popote, aje akimbie naye Jumamosi. Baba yake asiogope, atapewa chai. Uwanja uko nyuma ya nyumba yangu. Mahindi ya katikati niliyakata jana, yangali mabichi, ili njia inyooke.