Miguu ya Marwa kwenye Fomu ya Ruzuku

Mtu akikuajiri huku wengine wanamlipia nusu ya mshahara wako, amekuajiri wewe au ameiajiri ile nusu?

Leo niliamka na swali hilo. Ilipofika saa nane mchana nilikuwa nimeumbuka mpaka swali lenyewe nikalisahau.

Wengi mnanijua. Nilimaliza chuo, umeme, nikakaa nyumbani Tarime miaka miwili natuma maombi ya kazi mpaka dada wa duka la kuchapisha akaanza kunihurumia na kunichapishia bure. Halafu ukaja huu mpango wa ruzuku: fundi mwenye leseni akimchukua mwanafunzi au mwanagenzi wa umeme, anarudishiwa nusu ya mshahara wake. Sharti ni moja. Mkaguzi anakuja siku yoyote, bila taarifa, na lazima amkute mwanagenzi kazini, ampige picha. Asipomkuta anaandika "hayupo". Habari imeishia hapo.

Bosi Chacha alinichukua kwa mpango huo. Alinieleza waziwazi siku ya kwanza: "Bhoke, bila ile nusu mimi sikuwezi."

Mimi badala ya kushukuru nikauliza maswali. Kwa nini nusu na si yote? Nani anafaidika? Mpango ukiisha mwanagenzi anakwenda wapi?

"Wewe," bosi akaniambia, "ukiletewa kuku mezani utamuuliza alikufaje."

Basi, kwa wiki tatu nimekuwa nikishtuka kila nikiona mwanamume mwenye viatu safi. (Tarime kipindi cha mvua, viatu safi ni dalili ya mkaguzi au mchungaji.)

Leo tulikuwa na kazi Susuni, kwa Bibi Wegesa. Nyumba mpya ya bati, dari la jipsamu jeupe, bado linanuka rangi. Kazi yetu kupitisha waya juu ya dari. Bibi Wegesa ni mume wa mji ule, yaani boma lile. Ndiyo, mume. Hakujaliwa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe, akaoa mke anayeitwa Robhi, na watoto wa Robhi ni wa bibi. Kwetu hilo halishangazi mtu. Nawaelezea ninyi mliosoma nami Dar.

Tukasalimia. "Shikamoo, bibi." "Marahaba." Bosi akaegemeza ngazi. Nikavaa buti zake za zamani (mguu wangu ni wa tano, buti ni za saba, kumbukeni hilo), nikakanyaga ngazi ya kwanza.

"Huyo msichana anakwenda wapi?" bibi akauliza.

"Darini, bibi."

"Mwanamke hapandi juu ya nyumba ya mji huu."

Mtu mwenye akili angeshuka akamwachia bosi. Mimi nikaanza mjadala. "Bibi, dari si paa. Paa liko juu zaidi."

"Kama uko juu ya kichwa changu, uko juu."

"Lakini bibi, wewe mwenyewe ni mwanamke, na wewe ni mume! Kama wewe umewezekana, mimi nashindikanaje?"

Bosi akafumba macho. Robhi akaacha kuosha vyombo. Nikajua nimeipoteza kazi hata kabla mkaguzi hajaja.

Bibi akanitazama juu mpaka chini. Kisha akacheka. "Huyu ana mdomo. Haya. Mimi nilifanywa mume mbele ya watu, na ng'ombe wakatolewa. Na wewe nitakufanya." Akaingia ndani, akatoka na koti la marehemu mumewe, akanivisha. Koti lilinifika magotini. "Sikilizeni wote. Kuanzia sasa mpaka kazi iishe, huyu ni Marwa. Atakayemwita Bhoke ndani ya mji huu, atanitolea mbuzi wa faini."

"Sawa, bibi," bosi akajibu haraka. (Bosi hana utani na mbuzi.)

"Haya, mura, panda!" (Mura, kwetu, ni kijana wa kiume.)

Nikapanda. Na niseme ukweli, nilijisikia vizuri. Nimeshinda hoja! Usomi wangu umefaa kitu!

Baada ya saa moja waya ukatuishia. Bosi akapanda pikipiki kwenda Sirari kununua mwingine. "Marwa," akaniita kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwa bibi, "kanyaga mbao za kenchi tu. Jipsamu haibebi mtu."

"Nalijua hilo, bosi. Nimelisomea."

Dakika kama ishirini hivi, nikasikia pikipiki. Haikuwa ya bosi. Nikachungulia kwenye upenyo wa bati. Nikaona viatu.

Viatu safi.

Mkaguzi! Dukani kwa bosi walikuwa wamemwelekeza Susuni. Robhi akamkaribisha sebuleni, akamletea chai. Sauti zote zilinifikia, jipsamu haizuii kitu.

"Namtafuta mwanagenzi wa Bwana Chacha. Binti. Anaitwa Bhoke."

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo," bibi akasema.

"Bwana Chacha si anafanya kazi hapa?"

"Anafanya. Amekwenda Sirari. Ameacha kijana wake Marwa, yuko juu."

"Mama," mkaguzi akamuuliza Robhi, "hujamwona binti na Bwana Chacha leo?"

Nadhani Robhi alimtazama mumewe, yaani bibi. "Mimi... mimi nilikuwa naosha vyombo."

Hapo nikapaza sauti: "Mimi ndiye! Ndiye mimi huyo!" (Jina lenyewe sikulitaja. Nilikuwa nafikiria mbuzi. Mshahara wangu na mbuzi havijafikia kujuana.)

"Nani huyo?" mkaguzi akauliza.

"Marwa," bibi akajibu. "Mura, fanya kazi, acha kelele! Wageni wanaongea."

Mkaguzi akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyekwisha kuona mambo. "Bibi, nimezunguka sana. Wanatuandikia majina ya mabinti, tukija hatuwaoni. Mabinti hewa. Sasa na hapa mnaniambia kuna kijana aitwaye Marwa."

Nikasikia kalamu ya biki. *Ti.* Ile sauti ya kufungua.

Anaandika "hayupo"!

Miaka miwili ya maombi ikanipita kichwani. Dada wa duka la kuchapisha. Mama anayewaambia watu kanisani "Bhoke wangu sasa ni injinia". Nikageuka kukimbilia kitundu cha kushukia. Nilikanyaga kenchi ya kwanza. Ya pili. Buti ya saba ikabaki nyuma, mguu wa tano ukaenda mbele.

Jipsamu haibebi mtu.

Nilizama mpaka kiunoni. Koti la marehemu lilinasa kwenye misumari, likanishikilia. Nusu yangu ya juu ilibaki gizani na vumbi. Nusu ya chini ilikuwa sebuleni kwa Bibi Wegesa, inaning'inia juu ya meza ya chai, mguu mmoja na buti, mwingine na soksi yenye tundu.

Kisha buti iliyobaki nayo ikadondoka. Nikasikia kikombe kikivunjika.

Nilijaribu kutulia, labda wasingeniona. (Ndiyo, nilifikiria hivyo. Shahada ninayo.)

"Hii," mkaguzi akasema taratibu, "ni miguu ya nani?"

"Ya Marwa," bibi akajibu bila kutetereka.

Nikapiga teke kutafuta pa kukanyaga. Dari likalia *kra*.

Robhi akapiga yowe: "Bhoke, usijitikise! Utaanguka, Bhoke!"

"Mbuzi," bibi akasema.

"Mbuzi gani?" Robhi akalalamika. "Mbuzi wote wa mji huu si wetu sote?"

"Bado ni mbuzi."

Na mkaguzi, Mungu ambariki, akasema, "Kumbe yupo!" Akanitaka nitulie, maana sharti ni picha ya mwanagenzi akiwa kazini. Akapiga. Chini kwenda juu. Mara tatu, kwa sababu soksi ilikuwa inacheza.

Walipofanikiwa kunishusha, mkaguzi alikwisha kuondoka na bosi alikuwa anarudi na waya mkononi. Akaliangalia tundu. Akaniangalia mimi, mweupe toka kichwani mpaka vidoleni kwa vumbi la jipsamu, na koti limechanika mgongoni. Nikamweleza yote bila kupumua. Nikamaliza na: "Bosi, fomu itapita?"

Akatazama juu kama anayehesabu kenchi.

"Fomu niachie mimi," akasema. "Wewe kesho njoo saa moja kamili. Kuna dari la kuziba."

Bibi akatia neno: "Na koti la kushona. Na aje kama Bhoke, Marwa amenivunjia nyumba."

Ndivyo hali ilivyo. Nimekaa kitandani, kiuno kinawaka, sijui kama nina kazi au nina dari la kuziba tu. Anayetaka kucheka kwanza atume soksi.

*Nyongeza, baada ya miezi minane.* Watu bado wanaushirikisha huu ujumbe, kwa hiyo namalizia. Wiki iliyopita tulikuwa Natta, tunafunga taa kwenye kambi ya watalii. Mkaguzi yule alikuwa amekuja kuwakagua wengine. Alinitambua kwa buti. Tukacheka, nikamshukuru kwa kuipitisha fomu yangu. Akashangaa. Akaniambia ilirudishwa wiki ileile, kwa sababu picha haikuonyesha sura, na bosi Chacha alipewa barua mkononi. Ile nusu haijawahi kulipwa hata mwezi mmoja. Na mimi miezi yote hii bosi amenilipa mshahara mzima.