Mpisa Mlangoni

Jumatatu, 24 Aprili

Nedda,

Nimefungua lile daftari la jalada la bluu ulilonunua kwa ajili ya orodha za sokoni. Ukurasa wa kwanza uliandika: vitunguu, chumvi, balbu ya chooni. Sikuuchana. Naanzia wa pili.

Habari kubwa! Walimu wastaafu wa Cremona wamefika, ishirini na wawili. Ziara yetu ileile: Pisa siku moja, Lucca siku mbili. Miaka ishirini na sita wewe ulieleza Pisa, mimi nikaeleza Lucca, na kwenye treni tukagombana mbele ya wageni mji upi ni mji na upi ni kituo cha reli. Mwaka jana haikufanyika. Unajua sababu.

Sasa sikiliza. Bi Tamburini wa ofisi ya safari amesema kuanzia mwakani atabaki na mwongozaji mmoja tu kwa miji yote miwili. Wageni wataandika maoni yao kwenye daftari la ofisi, na Ijumaa atalisoma. Nikishindwa, ziara inaniponyoka. Ndiyo kazi pekee iliyobaki kati ya zile tulizofanya pamoja. Kwa hiyo sitashindwa. Sijaona sababu ya kushindwa.

Na nani atasimama mahali pako Pisa? Kaka yako Ranieri! Alikuja ofisini na mwavuli wako wa kijani begani, kama askari na bunduki. Ule ule, wenye mpini uliopasuka tukaufunga kwa uzi mwekundu. Nikamuuliza ameupata wapi. Akasema kwa mama, uliusahau huko Krismasi. Krismasi ile. Nikamwambia mwavuli ni wangu. Akanijibu ulinunuliwa Pisa, na Mpisa, siku ya mvua ya Pisa. Nikasema mvua yote ya Pisa hunyesha Lucca. Akasema, "Ndiyo maana mkoa mzima wa Toscana unauita mji wako chungu cha mkojo, shemeji." Mbele ya Bi Tamburini!

Nilitabasamu tu. Ratiba nimeandika mimi. Pisa nimeiweka kesho, sikukuu ya taifa, siku ambayo nusu ya Italia hukaa juu ya majani yale chini ya mnara. Kuondoka: saa tano asubuhi. Watafika saa sita, juani, kwenye foleni, wakisukumwa na watu walionyoosha mikono hewani kujifanya wanauzuia mnara usianguke. Wakitoka huko watailamba Lucca kama barafu.

Nalala mapema. Majemadari hulala mapema.

Jumanne, 25 Aprili

Nilifika kituoni saa nne na nusu, nimenyoa, mkononi buccellato mbili kwa ajili ya wageni. Asiyekula mkate huu wenye zabibu kavu hajafika Lucca, nawe ulikuwa ukisema anayeula ndiye asiyetoka, kwa uzito.

Hakuna mtu! Mwenye hoteli akaniambia kwa simu kwamba waliondoka na treni ya saa kumi na mbili na dakika arobaini. Ranieri alimpigia Mwalimu Ornella, kiongozi wao, akamwambia ratiba imeandikwa na mtu wa Lucca, kwa hiyo aisome kinyume.

Nikaenda peke yangu. Saa sita, juani, kwenye umati. Nilisimama kidogo kufuta jasho, nikafukuzwa na familia tatu kwa kuharibu picha zao. Bwana mmoja aliniomba nisogee kwa sababu eti naushikilia mnara vibaya.

Ndipo nikauona mwavuli wa kijani juu ya vichwa. Nikaufuata. Ulikwenda kasi, nami nyuma yake, tukavuka uwanja, tukavuka mto, tukaingia kanisani. Njiani nilimnong'oneza kila aliyenikaribia kwamba Wapisa walijenga mnara kwenye matope huku wakitazama pembeni. Wote waliniitikia kwa upole mkubwa. Kanisani wakapiga magoti. Walikuwa mahujaji kutoka Poland! Padri wao alinibariki, na mama mmoja akanipa rozari. Nikawapa buccellato moja. Nyingine nilikwishaila kwenye foleni.

Wetu niliwakuta mkahawani wakila cecina, ile chapati ya unga wa dengu, wamefurahi kama watoto. Walikuwa wameingia Camposanto milango inapofunguliwa, wakauona ua wote wa makaburi bila mtu, jua likiingia pembeni kwenye matao, na wafu waliochorwa ukutani wakiwa wazima kabisa. Mwalimu Ornella alisema Ranieri hakuzungumza sana. Aliwaambia tu kwamba mama yenu alikuwa akifanya usafi hapo, na kwamba dada yake alijifunza kusoma kwa kufuata majina ya makaburi kwa kidole.

Nedda, miaka thelathini na minne ya ndoa. Mimi sikulijua hilo. Ila sasa najua kwa nini kila barua ikija ulikuwa unaisoma kwa kidole.

Nilijivuna. Si kwa ajili ya Pisa, tuelewane. Kwa ajili yako.

Nilipoeleza rozari ilikotoka, Ranieri aliniuliza kama Poland ni nzuri. Nikamwambia inajitahidi.

Jumatano, 26 Aprili

Siku yangu! Mvua tangu alfajiri. Haidhuru, Lucca ikilowa hung'aa.

Saa mbili mlango ukagongwa. Nikafungua. Ranieri, na mwavuli, na cecina ya moto ndani ya karatasi. Akasema, "Mpisa mlangoni, shemeji. Unafungua au unaita polisi?" Amekuja kutazama ninavyofanya kazi. Kama mgeni wa kawaida tu, anasema.

Unaukumbuka msemo wetu, ulivyokuwa unakuchekesha: afadhali maiti nyumbani kuliko Mpisa mlangoni. Wazee wetu waliusema tangu zama zile Wapisa wakipita nyumba kwa nyumba kudai kodi. Mimi sasa ninavyo vyote viwili. Wewe ukutani, kaka yako kizingitini.

Aliingia, akasimama mbele ya picha yako, akainyoosha. Nikamwambia ajabu, mnara umewashinda miaka mia nane, leo mmeanza kunyoosha picha za watu. Aliigusa fremu mara ya pili, ingawa ilikwishanyooka.

Kisha kanisa la San Frediano. Mbinu yangu: kile kikanisa cha pembeni chenye michoro, ambacho ni giza tupu mpaka utie sarafu kwenye kisanduku, taa iwake kidogo na kuzima. Wewe ndiye uliyenifundisha kupima mwanga ule: Salamu Maria saba, ukizisema kwa haraka ya mtu aliyeacha chungu motoni. Hotuba yangu ni ya Salamu Maria sita na nusu. Nimeifanyia mazoezi chooni, gizani, maana balbu imekufa. Kikebe chako cha filamu ya kamera nilikijaza sarafu. Nikakosa mkono wa kushikia, kwa sababu ya kijiti cha kuonyeshea. Ranieri akasema kwa unyenyekevu, "Nipe nikusaidie."

Nikampa. Mimi!

Nilianza vizuri, kwa madaha kuliko chooni. Msalaba mtakatifu ulivyofika pwani ndani ya chombo kisicho na nahodha. Watu wakaugombania. Askofu akaamuru uwekwe juu ya gari la fahali wasiowahi kufungwa nira, na waende watakako. Na fahali wale, bila kuswagwa na mtu, wakageuza pembe zao wakaelekea...

Taa ikazima. Sarafu haikuanguka.

Sauti ya Ranieri gizani: "Hapa ndipo Lucca, ndugu zangu. Hata mwanga wanauza rejareja."

Wakacheka! Nikasema kwa sauti kubwa kwamba fahali walielekea Lucca. Walikuwa na uhuru wa kwenda popote, wakaichagua Lucca.

Akasema, "Sawasawa. Ng'ombe walichagua Lucca. Watu walichagua Pisa."

Wakacheka hata zaidi. Nilipapasa ukuta. Sina sarafu. Halafu likanijia jibu lako, lile ulilolisema mwaka wa kwanza, hapohapo, ulipokuwa na mimba ya binti yetu Silvia. Nikalisema kama lilivyo: "Mke wangu alikuwa Mpisa na alichagua Lucca. Kila usiku nilimpapasa kichwani, pembe sikuziona."

Wewe ulisema, "Nami nimechagua Lucca, nipapaseni." Lakini ndilo hilohilo.

Walipiga makofi kanisani! Mlinzi alitukemea. Taa ikawaka, Ranieri ameegemea kisanduku, anacheka mpaka anajifuta macho. Ushindi kamili. Nimemfedhehesha mbele ya watu ishirini na wawili.

Mchana mvua ilizidi, tukatembea juu ya kuta za mji chini ya miti. Nililowa upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa chini ya mwavuli wako, kwa bahati mbaya, kwa kuwa njia ni nyembamba.

(Njia ni pana kama uwanja. Nakuambia wewe tu.)

Alhamisi, 27 Aprili

Sikukuu ya Mtakatifu Zita, mjakazi wetu, ambaye mkate ndani ya aproni yake uligeuka maua. Maua kila mahali, na foleni ndefu ya kumwona akiwa amelala ndani ya jeneza lake la kioo. Nilikuchukulia chungu kimoja cha begonia. Muuzaji akakuulizia, halafu akakumbuka, akaniongezea kingine.

Mbinu ya leo: chakula cha mchana. Ranieri nilimkalisha mwisho wa meza, kando ya Mwalimu Dante, ambaye hasikii. Mimi katikati, nimetayarisha maneno ya kuwaaga. Baada ya tortelli, zile tambi zetu zilizojazwa nyama, nitasimama, nitaisifu Lucca: mji ambao hakuna aliyewahi kuziruka kuta zake. Watalia, kisha watakwenda moja kwa moja kuandika daftarini.

Kabla sijasimama, Mwalimu Ornella akagonga glasi. Kumbe alikuja na ziara yetu miaka tisa iliyopita, na mume wake, ambaye naye hayupo tena. Akasema amesafiri kutoka Cremona hasa kwa jambo moja. Anataka asikie ule msemo wa maiti na Mpisa, kama mimi na wewe tulivyousema kwenye treni, mimi nikianza na wewe ukijibu. Mume wake aliurudia mpaka siku yake ya mwisho.

Nikasimama. Kifua mbele. Nimeusema msemo huu maelfu ya mara. Nikasema, "Afadhali maiti nyumbani..."

Na basi. Sauti ikakatika. Nilitazama tortelli. Sijui nilisimama muda gani, labda Salamu Maria tatu.

Kutoka mwisho wa meza: "Malizia, shemeji. Mpisa nipo."

Nikamalizia. Sauti ilitoka ndogo kama ya mtoto anayesoma darasani. "...kuliko Mpisa mlangoni."

Sasa jibu lako, unajua, lilikuwa: Mungu na akujalie! Ndivyo Wapisa wote hujibu. Ranieri akasema, "Huyo Mungu alisikia kwa haraka mno. Sasa maiti unaye, na Mpisa yuko mlangoni. Utafanyaje?"

Nikasema nitafanyaje, nitamkaribisha. Ila afute viatu.

Kicheko kilichotoka, Nedda! Mwalimu Ornella alijifuta uso kwa kitambaa cha meza. Mwalimu Dante akauliza nani amekufa, wakacheka upya.

Hotuba ya kuta sikuitoa. Kwa hiyo jioni, nilipokwenda kurudisha ufunguo wa ofisi, daftari likiwa wazi mezani na Bi Tamburini akiwa kwenye simu, nilichukua tahadhari ndogo.

Ijumaa, 28 Aprili

Bi Tamburini alituita wote wawili. Akavaa miwani. Akasema kwanza kuna muujiza, kwa sababu wageni ni ishirini na wawili na maoni ni ishirini na matatu.

Nikatazama dari.

Ishirini na wawili wameandika karibu jambo moja: wote wawili, na wagombane. Mwalimu Ornella ameandika pia kwamba atarudi mwakani na dada yake. Oni la ishirini na tatu linampendekeza mwongozaji wa Lucca peke yake, "mtu wa sauti nzuri, mabega mapana na elimu isiyo na majivuno." Bi Tamburini akasema mwandiko huo anaufahamu, amekuwa akiusoma kwenye stakabadhi kwa miaka ishirini na minane. Ranieri aliomba asomewe tena sehemu ya mabega.

Nimeandika ukweli mtupu. Sioni kosa.

Uamuzi: mwakani tutakuwa wawili, kama zamani. Siku ya Pisa mwavuli utashikwa na Ranieri, siku ya Lucca nitaushika mimi. Nilikubali kwa ukarimu, ili asiaibike mbele ya watu. Lakini wewe unaona wazi nani ameshinda. Ziara imebaki kwangu. Nilisema sitashindwa!

Alinisindikiza nyumbani, akafuta viatu vyake bila kuambiwa, akanywa kahawa, akakimbilia treni. Na mwavuli akausahau! Unakauka jikoni. Amepiga simu, ataufuata Jumapili saa nne.

Nimekwishapanga. Nitauficha nyuma ya kabati. Nitasema sijauona. Atalazimika kuutafuta, na nyumba hii ina vyumba vinne na makabati mengi. Kufika saa saba hajaupata, na hakuna Mpisa anayeweza kutafuta kitu akiwa na njaa. Nimenunua nyama ya tortelli ya watu wawili. Ni vita tu, usifikirie mengine. Jumapili inayofuata nitauficha kwingine.

Na ratiba ya mwakani nimeianza. Ya Ranieri peke yake itaandikwa treni ya saa kumi na moja alfajiri. Asubiri kituoni saa nzima, ajue Lucca ni nani! Nitampelekea kahawa, nimwone anavyoteseka.

Njiani nilinunua vitunguu, chumvi na balbu ya chooni. Balbu nimeiweka. Inawaka.

Mwambie Zita asante kwa maua. Nami unikumbuke, Nedda.