Harusi ya Dada Mwaija, Msimamizi Mimi

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Toka tupate Uhuru, Makuyuni haijatoa kichwa kama changu. Darasa la sita niliacha mwenyewe, walimu walishaishiwa cha kunifundisha. Sasa dada Mwaija anaolewa Jumamosi na Abdi wa Hale, na baba eti anataka Mjomba Mdoe asimamie shughuli! Mdoe! Mtu anayefunga viatu kwa kamba ya katani! Nimejiteua mwenyewe. Dada kanivuta pembeni, kasema wakwe zake wakiondoka na njaa, nisimwite dada tena. Nimemwambia atulie. Harusi ni mipango.

Jumatano, 7 Agosti

Mpango wangu: wageni wanyweshwe chai kwanza, nyingi, matumbo yajae maji, pilau itoshe. Sukari hamna! Muuza duka la ushirika kasema ilikuja, ikaisha. Nikauliza imekwenda wapi. Akaniuliza tangu lini nimekuwa polisi. Dharau! Nimerudi na miwa. Mama kacheka mpaka kakaa chini. Sioni cha kuchekesha.

Ijumaa, 9 Agosti

Mjomba Mdoe kaja na kisu, keshakinoa. Eti kesho alfajiri achinje mbuzi, kama alivyochinja harusi zote za ukoo. Anatafuta sifa huyo! Akishika kisu atashika na sufuria, halafu watu waseme harusi ya Mdoe. Nikampa kazi ya heshima: akalale Korogwe ya Zamani, asubuhi atuletee mikeka ya kuazima. Mikeka gani? Haipo! Kashukuru, kaondoka na kisu chake kiunoni.

Jumamosi, 10 Agosti

Jua limepanda, mbuzi bado anatafuna majani. Nikamwita jirani yetu Matayo, Mshambaa, mzee wa kanisa, mkono mwepesi. Akaniuliza mara mbili: mdogo wangu, nyumba nzima ya Waislamu imekosa kweli mtu wa kuchinja? Nikamwambia aache maswali, kuni zinaungua bure. Katikisa kichwa, kachinja.

Pilau ikanukia mpaka barabarani. Wakwe wakanawa, wakazunguka sinia. Mzee wao akauliza, kwa adabu tu, aliyechinja ni nani, ashukuriwe. Matayo, mtu asiyejua hata kuuma maneno, akasema ni yeye. Mikono yote ikarudi mapajani! Nyama imejaa, hakuna anayegusa. Waliokula ni Matayo na wanawe, tena walilegeza mikanda. Wakwe wakapewa maharage ya shamba la kijiji. Magumu kama changarawe.

Ndipo Mjomba akatokea, vumbi mpaka kwenye kope, akiuliza mbele ya watu ni mshenzi gani aliyemtuma mikeka.

Jumapili, 11 Agosti

Lawama zote kwangu! Hakuna anayemsema Matayo kwa kusema kweli bila kuombwa, wala yule mzee wa Hale kwa kuhoji watu mbele ya chakula. Ndiyo adabu hiyo? Binamu Swaumu anaolewa mwezi ujao kule Handeni. Nimeshawapelekea salamu kwamba msimamizi yupo, na wageni wakatazwe kuuliza chochote karibu na sinia.

Kilichoharibika kweli ni kimoja. Dada alipopanda lori la Hale aliaga kila mtu, hata Matayo, hata kuku. Mimi nilisimama pale pale, mkono juu. Akanipita kwa macho kama nguzo. Mkono nikajikunia kichwa.