Ombi la Kurudishiwa Mlio wa Breki

Sindeni,
Handeni.

Kwa Mkwe wangu Zaidi, Baba Husna,
Korogwe Mjini.

Mkwe wangu mheshimiwa,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUTENGENEZWA KWA BREKI ZA GARI LAKO BILA KUNISHIRIKISHA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, binti yangu Zuena na mjukuu wangu Husna. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo habari zake utazikuta hapo chini. Ninakuandikia kwa sababu mila zetu haziniruhusu kukaa uso kwa uso na mume wa binti yangu nikamsema, na kwa simu najijua, nitaishia kuulizia mvua.

Kwa muda wa mwaka mzima gari lako lilikuwa likilia breki. Lilianzia kwenye kona ya kisima, likalia mteremko wote, likaja kunyamaza mlangoni kwangu. Wewe uliona ni kero. Mimi nilikuwa naitegemea sauti ile kwa heshima yangu yote. Nikiisikia tu, nilipata nafasi ya kutema muwa, kujifunga kanga ya pili, kuingia ndani na kutulia kwenye kigoda nikiwa mama mkwe kamili, mwenye sauti ya chini, anayeitikia shikamoo kutoka nyuma ya pazia. Ndivyo ulivyonijua tangu umuoe Zuena, na nilikusudia unijue hivyo mpaka mnizike.

Sasa Zuena amenieleza, tena kwa furaha, kwamba Jumapili moja ulivaa kaptura, ukamweka yeye kwenye usukani aendeshe taratibu hapo uani, wewe ukawa unatembea umeinama, sikio kwenye magurudumu, mpaka ukagundua linalolia ni la mbele kushoto. Ukapiga jeki, ukafungua gurudumu, ukasugua vumbi, ukapiga msasa, ukafunga pedi mpya na kupaka grisi kwa nyuma, yote kwa kufundishwa na simu. Gari sasa halitoi hata mkwaruzo. Yeye alikuwa anakusifia. Mimi nilikuwa nimejinyoosha mkekani na kitambaa cha maji ya moto gotini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ile uliyokuja kimya kimya ulinikuta juu ya baiskeli ya mzee wangu, nimevaa suruali yake, nimeikunja mpaka magotini. Sikatai. Najifunza baiskeli, kwa kuwa shamba letu liko mbali kule njia ya Kang'ata na miguu yangu imegoma. Nilikuwa nimemaliza mzunguko mzima wa uani bila kuanguka, tena naimba. Nikageuza kichwa, nikaona uso wako kwenye kioo cha gari, na kusimamisha baiskeli nilikuwa sijafundishwa. Nikaingia nayo kwenye banda la kuku. Wewe, kwa adabu uliyolelewa nayo huko Magoma, ulijifunika uso, ukashusha gunia la mchele, ukarudi kinyumenyume mpaka barabarani. Tangu hapo hujakanyaga hapa. Hata sikukuu ya Idi ulimtuma mtu wa bodaboda alete nyama. Husna sijamwona, na hilo linaniuma kuliko goti.

2. Kuku wangu wameharibika tabia. Zamani wakisikia breki zako walijua mkwe amefika na mmoja wao ataingia sufuriani, wakakimbilia chini ya ghala wote. Nyumba ilikuwa na nidhamu. Siku hizi wanazurura mpaka sebuleni na jogoo amelala kitandani kwangu mara mbili.

3. Jirani yetu Sinyati, yule mama wa Kimasai anayetuletea maziwa, naye alikuwa akiutumia mlio huohuo. Akiusikia, anaondoa ndama barabarani, anachukua kibuyu na kuja na maziwa ya chai yako. Sasa hana wa kumwambia mgeni amekuja. Ananiuliza mimi, na mimi pia sijui. Ndama wake wamelala katikati ya njia kama wamejenga.

4. Najua utasema ungepiga honi. Mkwe wangu, kumpigia honi mama mkwe ni kumwita, na sijaona mkwe wa kuniita. Kuhusu simu, wewe mwenyewe umewahi kuniambia uko njiani huku nasikia maji ya kuoga yakimwagika. Breki hazijawahi kunidanganya hata siku moja.

5. Nasikia nati na boliti za gari uliziloweka kwenye petroli ndani ya sufuria niliyowapa siku ya harusi. Hili siliongezei neno.

Kwa sababu hizo naomba, kwa heshima zote, pedi mpya zifunguliwe na za zamani zirudishwe mahali pake. Kama ulizitupa, jalala lenu nalifahamu, zitafutwe. Zikikosekana kabisa, mwagia hizo mpya mchanga kidogo, wa huku Sindeni, unakwaruza vizuri, nitakutumia mfuko. Kazi ikiisha, gari lije kwa majaribio. Nitasimama kwenye kona ya kisima, nimejitanda vizuri na nimegeukia porini, nisikilize. Mlio uanze juu, usikatike katikati, na umfikie mtu aliye jikoni anayekaanga. Nikiridhika, nitakuandikia barua ya kuthibitisha, na mambo yetu yatarudi kama zamani: wewe nje, mimi nyuma ya pazia, Husna akipita katikati yetu na kikombe.

Nisalimie mama yako mzazi kule Magoma, mwambie mchele wake umetulisha. Wasalimie majirani wote wa uani kwenu, hata yule aliyekuazima jeki, ingawa angejua alichokisababisha asingeiazimisha. Mzee wangu anakusalimu. Alijaribu kuongeza neno hapa lakini kila akifika kwenye suruali anacheka, nimemnyang'anya kalamu.

Ni mimi mama mkwe wako, ninayekuheshimu na ninayedai heshima yangu irudi,

Mwanaisha, Mama Zuena.

N.B. Kabla sijafunga bahasha nilimwita Ukasha, fundi wetu wa hapa senta, nimuulize kama yeye anajua kuurudisha mlio iwapo wewe utashindwa. Alicheka kwanza, halafu akaacha. Akaniambia, "Bibi, pedi ikikaribia kwisha kuna kichuma kinakwaruza diski, ndicho kinachopiga kelele ili dereva ajue. Mwaka mzima? Huyo mkwe wako alikuwa anashuka huo mteremko kwa bahati tu." Nikamwomba kigoda, nikakaa. Akilini nilimwona Zuena kiti cha mbele na Husna amesimama nyuma, kama anavyopenda, mnashuka kutoka kona ya kisima huku gari likipiga kelele, na mimi huku ndani nafurahi, najifunga kanga.

Basi yote niliyoandika hapo juu yafute, isipokuwa la sufuria. Pedi mpya zisiguswe na mtu. Njoo kimya kimya, na umlete Husna. Ukinikuta nimevaa suruali, toa shikamoo, nami nitaitikia hukohuko nilipo, hata kama ni bandani kwa kuku. Ila uje na spana zako. Baiskeli ya mzee nayo breki zake hazijawahi kulia, na Ukasha ameinama kuziangalia akaniambia sababu: hazipo.