Wiki Niliyogeuza Pedali

Jumapili, 6 Aprili

Nimepata njia ya kumtia adabu Miwani. Nimeipata bafuni, sabuni machoni.

Miwani ndiye mkufunzi mkuu wa chuo chetu cha urubani wa helikopta. Vioo vinene, pua juu. Mimi ni mtunzaji wa chumba cha simuleta, yaani ile helikopta ya uongo: kiti, skrini tatu, wenzo wa mkono, pedali mbili za miguu. Nawasha, nazima, napanga mipangilio. Miwani ananiita Mfuta Vumbi. Mbele ya wanafunzi! Niliandika barua ya kuomba ukufunzi msaidizi, akanirudishia na maneno mawili ya wino mwekundu: "Asome kwanza." Asome nini? Miaka sita nakaa na mashine ile zaidi kuliko ninavyokaa na mke wangu.

Kesho Mkurugenzi anakuja kuiona simuleta. Miwani atajipiga kifua, ataketi, atajifanya kuruka. Basi leo nimeingia kazini peke yangu. Nimefungua ukurasa wa mipangilio. Upande wa pedali kuna kisanduku kidogo. Ukikitia alama, kushoto kunakuwa kulia na kulia kunakuwa kushoto. Nimekitia alama. Kisha nikaja kwenye otopailoti, ile inayoishika helikopta ikatulia yenyewe bila mtu. Nimeihamishia kwenye kitufe kilichofichwa chini ya meza yangu.

Miwani atazunguka mpaka vioo vimtoke. Mimi nitabonyeza, taratibu. Kimya. Mkurugenzi atauliza nani ameiokoa mashine. Nitasafisha koo.

Nimerudi nyumbani nikala sahani mbili.

Jumatatu, 7 Aprili

Mkurugenzi hakuja. Kapiga simu, eti Alhamisi. Watu wengine hawana huruma kabisa.

Wanafunzi wana mitihani ya kuandika wiki nzima, chumba kitupu. Kurudisha pedali sasa na kuzigeuza tena Jumatano ni kuzima na kuwasha kila kitu, dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi. Sigusi. Zikae hivyo hivyo.

Saa kumi na moja jioni akaja shemeji kwa mlango wa nyuma. Ni mdogo wake mke wangu, tunaishi naye, anasoma hapa hapa chuoni. Aliacha ualimu kwa ajili ya hii helikopta. Mwaka juzi alifeli. Safari hii akishindwa basi, umri hauruhusu tena. Mke wangu ameniomba nimfungulie jioni afanye mazoezi, na mke wangu akiomba jambo hurudia mpaka masikio yanawasha.

Akaketi. Akainua. Akazunguka, akaanguka. Mara kumi na moja. Nilihesabu vizuri, maana ni ushahidi kwamba mtego unafanya kazi. Akaniuliza anakosea wapi. Nikajitia hamnazo. Nikamwambia azidishe mazoezi.

Jumanne, 8 Aprili

Leo kaanguka mara nane. Ametoka macho mekundu, akasema ni vumbi. Vumbi! Chumba hicho nakifuta mimi.

Mezani hakula. Mke wangu akanivuta jikoni akauliza kama mdogo wake ana matumaini. Nikamwambia asiwe na shaka, yuko mikononi mwangu. Roho iliniuma kidogo. Nikanywa maji ikatulia.

Jumatano, 9 Aprili

Hakuanguka hata mara moja! Ameinuka kimo cha mtu mmoja, akatulia pale angani kama taa ya darini. Helikopta ikiinuka, pua yake huvutwa kulia. Kwenye helikopta ya kweli rubani hukanyaga kushoto kuirudisha. Shemeji anakanyaga kulia, inarudi. Hata hatazami miguu. Amesema siri ni kutofikiri, kuiacha miguu ijue yenyewe.

Njiani alipiga mluzi mpaka nyumbani. Mke wangu akanipa kipande kikubwa cha nyama. Nimejiona mwalimu wa kweli kweli. Kesho Miwani atakiona cha moto.

Alhamisi, 10 Aprili

Sijui niandike nini.

Mkurugenzi alikuja, suti, kikohozi, mkono mfukoni. Miwani akamkaribisha. Mimi nilikuwa mkao wa kula, kidole chini ya meza. Ndipo Miwani akasema yeye mzee, hana cha kuonyesha, mheshimiwa amwone mwanafunzi. Akamwita shemeji! Kumbe alikuwa anajua habari za mlango wa nyuma tangu siku ya kwanza, akakaa kimya kwa sababu alipenda bidii ya kijana.

Ningeweza kubonyeza kitufe. Ningeweza kusema mashine ina hitilafu. Nilitoa macho tu.

Shemeji kainua, katulia, kageuka nusu, karudi, katua. Mkurugenzi kapiga makofi. Kauliza nani amemfundisha. Shemeji kanyoosha kidole. Kwangu! Mkurugenzi akanishika mkono, mbele ya Miwani, kwa mikono yake miwili. Hata Miwani akatikisa kichwa kwa heshima. Miaka sita nimeisubiri dakika ile.

Kisha Mkurugenzi akasema kijana huyu awe wa kwanza kuruka na helikopta ya kweli. Jumamosi.

Hapo nikakumbuka. Miguu yake imekariri kinyume.

Ijumaa, 11 Aprili

Kuna namna ya kulirekebisha jambo hili bila mtu kupoteza kazi. Mtu mwenyewe ni mimi.

Saa kumi na mbili asubuhi nimeifuta alama kwenye kile kisanduku. Pedali zimerudi sawa. Saa sita mchana nimemwita shemeji, nikamwambia ajaribu kidogo tu, kupasha miguu moto. Akainua. Akakanyaga kulia. Akazunguka mara mbili akaanguka ubavu. Skrini zote tatu nyekundu. Akarudia, vile vile.

Akabaki ameketi. "Shemeji," akasema, "umegusa kitu?"

"Mimi? Niguse nini."

Neno moja tu lingetosha. Lilifika mpaka kwenye meno. Lakini nikamwona akilini Mkurugenzi ananishika mkono, nikalimeza.

Nilimwambia arudie tena, saa mbili zingetosha kuisahaulisha miguu. Miwani akaingia. Akasema mwanafunzi hashindi kwenye mashine siku moja kabla ya kuruka, akapumzike. Akafunga mlango, akaweka ufunguo mfukoni. Shemeji akacheka kinyonge. Akasema bora mikosi imalizikie humu.

Nikajaribu njia nyingine. Tukiwa njiani nikamwambia kesho akikanyaga afikirie kinyume. Kinyume cha nini? Cha chochote tu, nikasema. Akanitazama, akaniambia nipumzike na mimi.

Njia ya tatu: nimeficha viatu vyake juu ya kabati. Bila viatu vigumu haruhusiwi kuingia kiwanjani. Mke wangu ametafuta nyumba nzima, kisha akamaliza tatizo kwa sekunde tano. Amempa vyangu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilisimama kwenye uzio na mke wangu. Amevaa gauni la sherehe. Shemeji alipopita alitupungia mkono, viatu vyangu vinang'aa, alivipiga rangi alfajiri.

Nilijiambia Miwani ameketi kando yake. Miwani ana pedali zake. Miwani ana miaka thelathini ya kazi. Kazi yake si ni hiyo?

Ilinyanyuka kimo cha mtu mmoja. Pua ikavutwa kulia. Nikajua atakachofanya kabla hajafanya, maana nilikaa jioni tatu nikimtazama akijifunza. Ikazunguka. Akazidi kukanyaga. Ikazunguka tena. Ndani ya kioo niliona mikono ya Miwani inahangaika. Yeye anakanyaga kushoto, kijana anakanyaga kulia kwa nguvu zake zote, nguvu za mtu anayejiokoa. Mzunguko wa tatu mkia ukagonga nguzo ya kitambaa cha kuonyesha upepo. Ikalala ubavu. Vipande vya pangaboi vikaruka mpaka kwenye paa la ghala.

Mke wangu alikimbilia kwa mdogo wake. Na mimi nilikimbia. Nilikimbilia kwenye dirisha la chumba cha simuleta kuhakikisha mashine imezimwa na hakuna alama kwenye kile kisanduku. Nikakumbuka nilishaifuta. Nikarudi.

Shemeji alikuwa ameketi chini, mzima, kiatu kimoja. Miwani walimtoa kwa kukata mlango. Mguu wa kushoto umevunjika mahali patatu. Vioo vyake niliviokota mimi, vizima kabisa.

Jumanne, 15 Aprili

Wakaguzi wawili wamekuja. Mwanamume wa mafaili, na mama mmoja mwenye daftari dogo. Wameipima helikopta, ilikuwa nzima kabla ya ajali. Wameipima simuleta. Kushoto ni kushoto, kulia ni kulia.

Yule mama akaniuliza kama mipangilio ilikuwa hivyo wiki nzima. Nikasema tangu niajiriwe haijabadilika. Akanitazama zaidi kidogo kuliko nilivyopenda. Akataka nitie saini. Nikatia.

Shemeji alikuwa kwenye benchi mlangoni, anasikia kila kitu. Wakamuuliza na yeye. "Nilikanyaga nilivyozoea," akasema. Hakuna aliyemuuliza alizoea wapi. Nilishukuru, halafu nikajichukia kwa kushukuru, halafu ikafika saa ya chakula.

Barua yake imetoka mchana huo huo. Ameondolewa. Sababu: kukosa utulivu.

Jioni tulikaa mezani. Nilikuwa nasikia kitu kinagonga chini, tk, tk, tk. Nikainama kama nimeangusha kijiko. Ni mguu wake wa kulia. Unakanyaga sakafu, unaachia, unakanyaga. Juu ya meza alikuwa anakunja leso. Mke wangu aliniona nimeinama. Aliniangalia muda mrefu, akaniuliza taratibu kama kuna kitu nakijua. Nikamwambia ni mshtuko, utapita.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimekwenda hospitali kumwona Miwani. Nimepeleka machungwa na vioo vyake. Mguu umening'inizwa kwa kamba. Bila vioo ana macho madogo, ya mtu wa kawaida.

Nilikwenda kumwambia. Kweli. Nilijipanga tangu nyumbani, hata sentensi ya kwanza nilikuwa nayo. Akaanza yeye. Amesema kosa ni lake, alimwona kijana ameiva kwenye simuleta akamharakisha. Ameshamwandikia Mkurugenzi hivyo. Ameniomba nimtunze shemeji, asije akavunjika moyo. Kisha akaniomba radhi kwa jina la Mfuta Vumbi. Amesema mtu aliyemfundisha kijana kutulia angani kwa siku tatu anajua kazi. Ameipendekeza barua yangu ya ukufunzi msaidizi. Kuanzia Jumatatu chumba ni changu na wanafunzi ni wangu, mpaka apone, kama atapona kiasi cha kukanyaga pedali.

Nililia. Machozi hasa, mpaka muuguzi akaniletea kiti. Kisha nikauliza funguo za kabati anaziweka wapi.

Jumatatu, 21 Aprili

Mkufunzi! Nimekalia kiti cha Miwani. Kinazunguka.

Nimefikiri sana juu ya yaliyotokea na nimefikia uamuzi. Kosa lilikuwa pedali. Mtu yeyote anaweza kukosea pedali. Lakini otopailoti haikosei. Kwa hiyo nimeiwasha iwake muda wote, na kitaa cha kijani kinachoonyesha kwamba imewaka nimekibandika plasta nyeusi. Sasa mwanafunzi akanyage kushoto, akanyage kulia, apige ngoma kwa miguu yote miwili, helikopta imetulia tuli. Leo wanafunzi saba, hakuna aliyeanguka. Mkurugenzi amechungulia mlangoni, amesema hajawahi kuona. Kwa mwendo huu neno msaidizi litafutika, libaki mkufunzi.

Saa kumi na moja mlango wa nyuma ukagongwa. Shemeji. Amekonda. Hakutaka kitu, aliomba kukaa tu kwenye kiti. Nikamwachia. Akainua. Mguu wa kulia ukaenda mbio, ule ule wa chini ya meza. Helikopta haikutikisika. Akatulia. Akatulia dakika nzima, dakika tano. Nilimwona anaanza kupumua vizuri. Alipotua alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Kumbe bado naweza," akasema.

Nilifurahi mno. Mtu asiseme sina moyo.

Akatoa karatasi mfukoni. Ni rufaa. Anaomba ajaribiwe tena, kwenye helikopta ya kweli, na mkufunzi kutoka chuo jirani. Mkurugenzi amekubali, kwa sharti moja tu: mkufunzi wa simuleta athibitishe kwa maandishi kwamba kijana yuko tayari.

Nimethibitisha. Nimetumia ile kalamu nyekundu ya Miwani, niliikuta kwenye droo. Saini imetoka vizuri sana.